Namna ya kuzuru Kaya Kinondo, msitu mdogo wa Wadigo kando ya bahari

Wageni wengi wa Diani, pwani ya kusini mwa Mombasa, huogelea, hupanda ngamia ufukweni, kisha hurudi makwao bila kujua kwamba mwendo mfupi kusini mwa hoteli, ukishapita Galu, kuna msitu wa asili uliokuwapo tangu zamani, kabla ya hoteli yoyote kujengwa. Ni msitu mdogo, hektari 30 hivi, yaani kama ekari 75. Upande mmoja kuna bahari, upande mwingine mashamba na nyumba za Wadigo. Unaitwa Kaya Kinondo, na mgeni anaruhusiwa kuingia mradi afuate utaratibu wake.

Mwongozo huu ni wa anayekwenda kwa mara ya kwanza, awe anatoka Mombasa kwa siku moja, Nairobi kwa likizo, au Tanga kupitia mpaka wa Lunga Lunga. Jambo moja naliweka mbele ya yote: Kaya Kinondo ni mahali pa ibada kwanza, matembezi yanafuata. Ukilishika hilo, mengine yote ni rahisi. Usipolishika, utazunguka saa nzima ukiona miti tu.

Hatua ya 1: Jua unaingia kwa nani

Kaya za Wamijikenda zilikuwa makazi ya watu. Simulizi za wazee zinasema kwamba Wamijikenda, yaani Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi, Wakauma na Wagiriama, walishuka kutoka Shungwaya upande wa kaskazini, wakajenga vijiji katikati ya misitu minene ili miti iwe ngome yao. Nyumba zilikuwa kwenye uwanda wa katikati. Kuingia kulikuwa kwa vijia vichache vilivyolindwa, na fingo ilifukiwa ardhini iwe kinga ya mji. Kaya hizi zilianza kujengwa karne ya 16. Baadaye watu walitoka kidogo kidogo wakaenda kukaa karibu na mashamba yao, na kufikia miaka ya 1940 hakukuwa na aliyekuwa akiishi ndani.

Lakini kuhama si kutupa. Makaburi yalibaki mle, mahali pa maombi palibaki, na miiko ilibaki: hakuna kukata mti, hakuna kuokota kuni, hakuna kulisha mifugo, hakuna kuacha kijia na kujipitia utakapo. Wazee wa kaya wamekuwa walinzi wa miiko hiyo tangu hapo. Mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa chini ya Makumbusho ya Taifa. Mwaka 2008 misitu ya kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwamo, iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2009 mila zinazoambatana nayo zikaingizwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Miaka hiyo ya karibuni ni muhimu, lakini ukitazama mfululizo wake utaona wazi kwamba wazee walitangulia mbali sana. Sheria ilikuta msitu upo.

Wadigo wengi ni Waislamu. Utakutana na mtu anayeswali swala tano na bado anaiheshimu kaya ya babu zake. Usimhoji kana kwamba umemkamata na kosa. Ukitaka kujua, uliza kwa upole, naye atakueleza anavyoelewa yeye.

Hatua ya 2: Chagua siku na saa

Asubuhi ndiyo saa yenyewe. Ukiingia kabla ya jua kukolea, hewa bado ni baridi, ndege wanaita na mbega wanakula. Ikifika saa sita wanyama wamejipumzisha na wewe unavuja jasho, maana chini ya miti hiyo upepo wa bahari haufiki sawasawa.

Kwa msimu, epuka kilele cha masika, hasa Aprili na Mei. Msitu wakati huo ni mzuri kwa macho, kijani kitupu, lakini njia za kijijini hujaa matope, mawe huteleza na mbu huwa wengi. Vuli ya Oktoba na Novemba haina shida kubwa, ni mvua za kupita. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, jua ni kali, kwa hiyo zingatia zaidi suala la asubuhi. Mimi napenda Julai hadi Septemba: ardhi imekauka, joto limepungua, na majani bado hayajapukutika.

Piga simu kabla ya kwenda, au mwombe mwenyeji wako akuulizie. Kuna siku wazee wanakuwa na tambiko au maombi ya mvua, na mgeni hataingia siku hiyo. Ukiambiwa rudi kesho, rudi kesho. Kubembeleza au kutoa pesa ya ziada ili ufunguliwe ni kuwavunjia heshima.

Hatua ya 3: Jiandae kwa mwamba, si kwa mchanga

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwa kuwa bahari iko hapo hapo, watu huja na ndara za ufukweni. Msitu wa Kinondo umeota juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyokuwa chini ya bahari zamani sana kabla maji hayajashuka. Mwamba huo una matundu na ncha zinazokata, na udongo uliofunika juu ni mwembamba sana. Vaa raba au viatu vya kufunika mguu mzima, vyenye soli nene. Suruali ndefu au sketi ndefu isiyobana, na shati la mikono mirefu kama ngozi yako haipatani na wadudu.

Mbu wa pwani wako wa aina mbili za kuogopwa: wa malaria wanaouma usiku, na wa dengi wanaouma mchana. Kwa hiyo jipake dawa ya mbu hata kama unaingia asubuhi na kutoka kabla ya adhuhuri. Beba maji kwenye chupa ya kudumu. Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja kwenye fuo, misitu na maeneo mengine ya hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, na mifuko ya plastiki ilikwishakatazwa tangu 2017. Darubini ndogo itakufaa sana, maana mengi ya kuona yako juu.

Chakula kiache kwenye gari au hotelini. Tumbili na nyani wa Diani wamezoea vya watu, na mfuko wa ndizi ni mwaliko kwao. Droni nayo iache nyumbani: kuirusha Kenya kunahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na juu ya kaya hata ukiwa na kibali si adabu.

Hatua ya 4: Fika

Kutoka kisiwani Mombasa, vuka kwa kivuko cha Likoni. Wanaotembea kwa miguu hawalipi. Ng'ambo utakuta matatu za Ukunda, safari fupi kama foleni si kubwa. Ukunda chukua tuktuk au bodaboda, mwambie dereva Kaya Kinondo, si Kinondo tu, kwa sababu Kinondo ni eneo zima. Patana nauli kabla ya kupanda, na mwombe akusubiri au akupe namba yake, kwani usafiri wa kurudi hauko mlangoni. Anayekuja na gari lake kutoka bara anaweza kupita barabara ya Dongo Kundu kuanzia upande wa Miritini, akafika Kwale bila kugusa kivuko. Anayetoka Nairobi kwa ndege ana uwanja mdogo wa Ukunda.

Njiani kando ya barabara ya Diani, inua macho. Utaona ngazi za kamba zimetandazwa juu ya lami kutoka mti hadi mti. Zimewekwa kwa ajili ya mbega wasigongwe na magari, kazi iliyoanzishwa na shirika la kuwahifadhi mbega lililoundwa Diani mwaka 1997. Mwambie dereva apunguze mwendo hapo.

Ukiwa ufukweni unaweza kuambiwa na vijana kwamba wanaijua njia ya kuingilia upande wa bahari. Shukuru, lakini usiende. Kuingia ni kwa mlango wa mapokezi peke yake, pamoja na mwongozaji wa kaya.

Hatua ya 5: Mapokezi

Salimu kwanza, kabla ya kuuliza bei. Kama kuna mzee amekaa hapo, "Shikamoo mzee" yatosha, kisha ngoja akujibu na akuulize habari za ulikotoka. Dakika mbili hizi zina thamani. Mwongozaji anapoona umetulia, naye hutulia, na matembezi yako hubadilika.

Halafu lipa kiingilio na uchukue risiti. Uliza kiasi cha raia na cha mgeni wa nje. Utalii huu unaendeshwa na wenyeji wenyewe, na fedha zake zimekusudiwa kurudi kijijini. Ndiyo maana nasisitiza kulipa pale mlangoni, si kumtilia mtu mkononi njiani. Msitu ulio katikati ya viwanja vya thamani kubwa vya ufukweni unahitaji wenyeji wake waone faida ya kuuacha ulivyo. Ardhi ya kaya nyingine za pwani imemegwa na kujengwa, na hakuna aliyeweza kuurudisha msitu uliokwisha kulimwa kwa tingatinga.

Baada ya hapo utafungwa kaniki, kitambaa cheusi, kiunoni. Kila mtu hufungwa, mwanamume na mwanamke, mkubwa na mdogo. Kofia huvuliwa. Dada mwenye hijabu azungumze na mwongozaji mapema. Kisha utasomewa masharti, na ni haya:

Usiondoke na kitu, hata jani lililoanguka, hata ganda la konokono.
Usikate, usichune, usichore jina kwenye gome.
Wapenzi wasibusiane humo.
Usipige kelele.
Usipige picha mahali ulipokatazwa, hasa makaburi na mahali pa maombi.
Usiache kijia wala kumtangulia mwongozaji.

Mwongozaji akisema simu iwekwe mfukoni, iweke bila kujadiliana. Kuna mahali ataruhusu na mahali hataruhusu, na huna haja ya kuelewa kila sababu ndipo utii.

Hatua ya 6: Ingia taratibu

Simama hatua chache baada ya kuingia. Macho yanahitaji muda kuzoea kivuli, na mwili nao utahisi joto limeshuka. Angalia chini kwanza. Utaona mizizi imetambaa juu ya mwamba mtupu, ikitafuta ufa, ikiupata inadidimia humo. Udongo ni kiasi cha kina cha vidole, mahali pengine ni majani makavu tu yamelala juu ya jiwe. Miti mirefu kiasi hiki imesimama juu ya udongo mchache kiasi hicho, ndiyo sababu ukiukata msitu wa namna hii haurudi kwa urahisi: mvua ikishapiga jiwe lililo wazi, udongo wote unakwenda na maji.

Sasa tafuta gogo lililoanguka. Halitakosekana, na mwongozaji atakuonyesha. Nje ya kaya gogo kama hilo lingekuwa mkaa au kuni ndani ya siku chache. Hapa limeachwa palepale lilipolala, kwa sababu ya mwiko. Chuchumaa ulitazame bila kuligusa: gome limebanduka, uyoga umeota ubavuni, mchwa na jongoo wanaingia na kutoka, na pale juu ambapo mti uliacha tundu la mwanga, miche midogo imesimama karibu na gogo ikigombania jua. Gogo linaoza na kuwa udongo, na ule udongo mwembamba unapata nyongeza. Mzee atakwambia kuni za kaya hazitoki kwa sababu ni za wenyewe, waliolala humo. Mtaalamu wa misitu atakueleza habari za rutuba. Wote wawili wanalilinda gogo moja, na mimi sioni haja ya kuchagua nani ana haki zaidi.

Mwongozaji atakutajia miti kwa majina ya Kidigo na ya Kiswahili, na atakwambia upi unatibu nini. Sikiliza kwa makini, huu ni ujuzi unaopungua kila mzee anapoondoka. Lakini usiuchukue kama dawa ya kwenda kujipikia. Mizizi na magome hutofautiana kwa kipimo na kwa mtu, na anayejua kutibu amejifunza kwa miaka.

Kuna mti mkubwa ambao wageni hukaribishwa kuukumbatia. Fanya hivyo kwa heshima. Weka shavu kwenye gome, funga macho, usikimbilie kupigwa picha. Wengine huomba dua kimoyomoyo, na hakuna atakayekuuliza umeomba nini.

Mahali pa kuwa mwangalifu: usishike mtambaazi wala ganda lolote lenye manyoya ya hudhurungi, maana upupu ukikupata utajikuna mpaka jioni. Tazama chini usikanyage msafara wa siafu. Usiingize mkono kwenye tundu la mwamba, humo hukaa tandu na pengine nyoka. Ukimwona nyoka, simama, mwite mwongozaji kwa sauti ya chini, mwache apite zake.

Hatua ya 7: Tazama juu, kisha nyamaza

Mbega ndiye anayetafutwa na wengi. Ni mweusi, mwenye nywele ndefu nyeupe mabegani na mashavuni, mkia mrefu unaoning'inia chini ya tawi. Mara nyingi utagundua yupo kwa majani yanayodondoka. Hana kidole gumba mkononi, na kiganja chake hushika tawi kwa vidole vinne tu anaporuka. Mtoto wake huzaliwa mweupe kabisa, kwa hiyo ukiona kitu cheupe kimekumbatiwa kifuani mwa mama, hapo umebahatika. Chakula chake ni majani zaidi, na tumbo lake lina vyumba kadhaa vya kuyachachusha. Tunda bivu au mkate wa mtalii humvimbisha na unaweza kumuua, kwa hiyo usimpe kitu, awe msituni au kwenye bustani ya hoteli.

Kima utawaona pia, wana kelele zaidi na udadisi zaidi. Hondohondo wakipita juu utasikia kwanza mabawa yao, kisha kilio chao kama cha mtoto mchanga. Kwa mnyama wa chini, mwombe mwongozaji muda wa kusimama kimya pahali penye majani makavu mengi. Ukisikia mchakacho wa haraka, ukakoma, ukaanza tena, huenda ni sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayepekua wadudu kwenye majani. Hutokea sekunde chache tu. Vipepeo tafuta mahali penye miale ya jua kwenye kijia.

Matembezi huchukua saa moja na zaidi kidogo. Mwambie mwongozaji mapema kama huna haraka, kwani wengi wao wamezoea wageni wanaotazama saa.

Ukienda na watoto

Waelezeni masharti nyumbani, siku moja kabla, si mlangoni. Mtoto aliyeambiwa mapema kwamba hachukui hata jiwe hushika hilo vizuri kuliko mtu mzima. Mpe kazi: ahesabu rangi za vipepeo, au awe msikilizaji wa ndege. Mtoto mdogo sana mbebe kwa leso mgongoni, maana kigari hakipiti kwenye mwamba. Walimu wanaoleta darasa wagawe wanafunzi katika vikundi vidogo na waombe waongozaji zaidi ya mmoja. Kundi kubwa kwenye kijia chembamba wa nyuma hawasikii kitu.

Hatua ya 8: Ukitoka

Vua kaniki, ikunje, irudishe kwa mkono wa kulia na shukrani. Ukitaka kumpa mwongozaji bakshishi, hapa ndipo mahali pake. Jipekue nguo na viatu, toa mbegu na majani yaliyonasa. Yarudishe ndani ya mpaka wa msitu kabla hujaondoka. Kama umenunua kitu cha mikono cha akina mama wa kijijini, lipa bei waliyosema au patana kidogo kwa uungwana.

Ufuko wa Galu na Kinondo uko jirani. Uliza maji yanakupwa saa ngapi. Wakati wa bamvua bahari hurudi mbali, unatembea juu ya mwamba hadi karibu na tuta la matumbawe, na zile raba zako zitakufaa tena kwa sababu ya fuma, wale wa baharini wenye miiba, na ncha za matumbawe.

Ukitaka kujua zaidi kuhusu kaya, nenda Rabai, kaskazini-magharibi mwa Mombasa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika huko mwaka 1846, na kanisa la zamani la misheni lina makumbusho madogo. Kaya za Warabai ziko karibu, nazo zimo kwenye orodha ile ya mwaka 2008. Ila usidhani kila kaya inapokea wageni kama Kinondo. Nyingi hazina mapokezi, hazina kijia cha matembezi, na zingine hazimkaribishi mtu wa nje hata kidogo. Anza kwa makumbusho, wao wakufikishe kwa wazee, nao wazee ndio watakaokwambia kama unaingia, lini, na uje na nini.